Kurusha slaidi kwa amri moja: PowerPoint, Impress au PDF?

karani_mjini
Habari zenu wadau. Ofisi yetu ya sacco iko huku mtaa wa Tom Mboya, na pale mapokezi kuna runinga inayoonyesha riba za mikopo na tarehe ya mkutano mkuu. Shida ni stima. Ikipotea ikarudi, lazima mtu awashe kompyuta, afungue faili, abonyeze F5. Nikiwa nimetumwa benki, runinga inakaa tupu mpaka nirudi. Nataka amri moja ifungue slaidi skrini nzima, kisha zizunguke zenyewe. Nina mashine mbili kuukuu, moja ya Windows yenye PowerPoint, nyingine ya Ubuntu (Linux). Nitumie ipi?

otis_nyaya
Windows haina ugumu. Amri ni hii:

`start "" powerpnt /s "C:\Matangazo\riba.pptx"`

Hiyo /s ndiyo inayoanzisha onyesho. Ukiiacha, utaletewa ukurasa wa kuhariri. Zile alama tupu za kunukuu usizifute, maana start huchukua maneno ya kwanza yaliyonukuliwa ikayafanya jina la dirisha. Weka mstari huo kwenye faili ya .bat (faili ya maandishi yenye amri), bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `shell:startup`, uiweke kwenye folda itakayofunguka.

Kuzunguka ni habari nyingine, hakutoki kwenye amri. Kunawekwa ndani ya slaidi zenyewe: kwenye mipangilio ya onyesho chagua lirudie mpaka mtu abonyeze Esc, halafu ipe kila slaidi sekunde zake. Ukisahau sekunde, ya kwanza itaganda hapo siku nzima.

shiru_k
Si ahifadhi tu kama .ppsx? Faili ya aina hiyo ukiibofya inaanza onyesho papo hapo. Hata soja wa mlangoni ataiweza.

otis_nyaya
@shiru_k Sawa kabisa, ila riba zikibadilika itabidi aifungue akiwa ndani ya PowerPoint kwanza ndipo aihariri. Watu wengi hukwama hapo.

terminali_tu
Mimi ningechukua Ubuntu, na sababu ni hiyo hiyo stima.

`soffice --norestore --show /home/sacco/riba.odp`

Hiyo soffice ni LibreOffice, na Impress ndiyo sehemu yake ya slaidi. `--show` inaanzisha onyesho. `--norestore` ndiyo muhimu zaidi kwako. LibreOffice ikizimika ghafla, ikifunguliwa tena huleta dirisha la kuuliza kama urejeshe faili zilizokuwa wazi, na itakungoja ujibu. Sasa fikiria dirisha hilo limesimama mbele ya wanachama asubuhi nzima. Neno hilo moja linalinyamazisha.

Usitumie `@reboot` ya cron, kile kipanga kazi cha Linux. Inakimbia kabla eneokazi halijawa tayari, kwa hivyo programu inakosa skrini ya kuchora. Tengeneza faili ya .desktop ndani ya `~/.config/autostart`, amri uiandike kwenye mstari wa Exec. Na uzime ile tabia ya skrini kujifunga baada ya dakika chache.

Kama slaidi zilitengenezwa PowerPoint, zikague kwanza. Fonti ya Calibri haimo Ubuntu, lakini Carlito ikiwepo hushika nafasi yake, na upana wa herufi ni ule ule, mistari haihami. Si fonti zote zenye bahati hiyo. Jedwali la riba ndilo huharibika kwanza.

mwalimu_embakasi
Kwa wenye Mac: `open -a Keynote riba.key` hufungua faili tu, haianzishi onyesho. Kuanzisha inabidi uongeze osascript, amri ya Mac ya kuendesha AppleScript. Kwa runinga ya mapokezi sioni haja.

mama_projekta
Mnazunguka mbuyu. Hizi ni riba na tarehe, hakuna video, hakuna herufi za kuruka. Zigeuze ziwe PDF. Fonti inaingia ndani ya faili, haibadiliki popote utakapoipeleka, na programu ya kuionyesha ni nyepesi kwa mashine kuukuu.

Okular ni kisomaji cha PDF: `okular --presentation riba.pdf` inatosha, na kwenye mipangilio yake kuna sekunde za kugeuza ukurasa na kurudia kutoka mwanzo. Ila mimi napenda Impressive, iliyoandikwa kwa Python, kwa sababu kila kitu kimo kwenye amri:

`impressive --auto 15 --wrap --poll 30 riba.pdf`

Kila sekunde 15 inageuza, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Hiyo `--poll` huiangalia faili kila sekunde 30 na kuisoma upya ikiwa imebadilika. Karani anaweka riba mpya, runinga inajirekebisha bila kuguswa. Yote hayo kwa pamoja, hizo nyingine hazikupi kwa amri tupu. Kuipata: `sudo apt install impressive`.

terminali_tu
Nakubali. Kwa matangazo yasiyo na video, hii imenishinda.

karani_mjini
Asanteni sana. Nimeelewa upande wa programu. Lakini mashine yenyewe itajiwasha vipi stima ikirudi? Na riba huandikwa na mweka hazina kwa PowerPoint, yeye haachi.

otis_nyaya
Ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Ubuntu haijaanza. Kwenye kompyuta za mezani za Dell tafuta AC Recovery, kwa HP ni After Power Loss, uchague ijiwashe. Laptopu nyingi hazina kitu hicho. Pia ruhusu Ubuntu iingie bila nywila, la sivyo itasimama kwenye ukurasa wa kuingilia. Akaunti hiyo isiwe na faili za wanachama, tafadhali. Ni mapokezi hapo.

mama_projekta
Mweka hazina aendelee na PowerPoint yake. Faili akikutumia:

`soffice --headless --convert-to pdf --outdir kando riba.pptx`

kisha

`mv kando/riba.pdf /home/sacco/`

Ipite kwenye folda ya kando kwanza, usiigeuze moja kwa moja mahali inapoonyeshwa. Impressive inaweza kuisoma ikiwa bado inaandikwa, ukapata kurasa nusu. Na ifungue kwa macho yako kabla ya `mv`. Mweka hazina akikosea desimali, wanachama wataisoma kabla yako.