Törbel, Uswisi: kanuni ya malisho ya pamoja ilitekelezwaje?

Mfongo_wa_Juu:
Wakuu, kila ninaposoma kuhusu ardhi ya pamoja nakutana na kijiji cha Törbel, jimbo la Valais. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alikitolea mfano. Ninachotaka kuelewa ni utekelezaji. Kila mfugaji hutamani kuongeza ng'ombe mmoja. Nani alihesabu, na mkaidi alifanywa nini? Na maji na kuni waligawanaje?

Malisho_Mema:
Mkuu, anzia kwenye majira. Törbel iko kwenye mteremko mkali, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi ng'ombe hupandishwa malisho ya juu, ambayo ni ya kijiji kizima. Baridi ikiingia theluji hufunika kila kitu, ng'ombe hukaa zizini wakila nyasi kavu, na nyasi hizo hukatwa kwenye mashamba ya watu binafsi.

Kanuni ya mwaka 1517 iliunganisha mambo hayo mawili: usipandishe ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Hivyo hakuna aliyehitaji kubishania malisho yanabeba ng'ombe wangapi, maana akiba ya nyasi zako ndiyo kipimo. Pia ilifunga mlango wa ujanja mmoja mkubwa, yaani kununua ng'ombe mwanzoni mwa kiangazi, kuwanenepesha kwa malisho ya wote, kisha kuwauza kabla theluji haijaanguka.

Ng'ombe walihesabiwa mara tu walipopandishwa, na hesabu hiyohiyo ndiyo iliyotumika mwisho wa msimu kugawa jibini lililotokana na maziwa ya ng'ombe hao. Kwa hiyo ng'ombe wa ziada alipunguza fungu la kila jirani, na majirani walikuwa macho. Ofisa aliyemtoza mkosaji faini aliruhusiwa kubaki na nusu yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu ya mfumo wote, kwa sababu kusimamia kulimlipa msimamizi.

Usisahau hati ya tarehe 1 Februari 1483. Mgeni akinunua shamba kijijini, hakupata haki ya malisho wala msitu. Bila hiyo, idadi ya wenye haki ingepanda kila shamba lilipouzwa.

Zamu_ya_Maji:
Naongezea maji na kuni. Milima mirefu pande zote hukinga mvua, kwa hiyo eneo hilo ni kati ya sehemu kavu kuliko zote Uswisi, na mashamba ya nyasi lazima yanyweshwe. Valais huleta maji yatokanayo na theluji na barafu kwa mifereji iitwayo Suonen. Mteremko wa mfereji ukizidi, maji hula kingo. Ukipungua, mchanga hujaa. Kila masika husafishwa na kuzibwa nyufa, kwani maji yakivuja kwenye mteremko kama ule udongo huporomoka. Sehemu nyingi za jimbo zamu ziliandikwa kwa kuchonga alama za familia kwenye vipande vya mbao.

Kuni: maofisa walitia alama miti ya kukatwa, kaya zikaunda vikundi, zikakata, zikakokota na kupanga marundo yanayolingana. Kura ilipigwa baada ya marundo kukamilika. Asiyejua rundo lake hawezi kujipendelea.

Ghala_la_Rai:
Tusije tukadhani kila kitu kilikuwa cha wote. Mashamba ya nafaka, bustani na nyasi vilikuwa mali binafsi, na watoto wa kiume na wa kike walirithi sawasawa. Matokeo yake ni vishamba vidogo vilivyotawanyika juu na chini ya mlima, hata nyumba moja kumilikiwa na familia tofauti kwa ghorofa. Usumbufu huo una faida: nyasi za chini hukomaa kabla ya za juu, hivyo familia moja huweza kuvuna kwa awamu. Nafaka ya rai ilihifadhiwa kwenye maghala ya mbao yaliyosimama juu ya miguu yenye mawe bapa ya duara, ili panya wasipande. Jiwe likiwa dogo kuliko inavyotakiwa, panya hulizunguka na kuingia.

Mfongo_wa_Juu:
Ahsanteni sana. Hilo la nusu ya faini na la kura baada ya marundo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.