Kompyuta mpya, hesabu za zamani: nibaki na Microsoft Money au nihamie GnuCash, HomeBank, Money Manager Ex?

Mzee wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ya mezani ni ya Windows 10, na tangu Microsoft waache kuitolea masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kijana wangu ananiwekea ngumu hata kufungulia barua pepe. Nimenunua mpya ya Windows 11. Kinachonisumbua ni hesabu za nyumbani. Natumia Microsoft Money, ile ya mwisho iliyotolewa bure, na kila kitu kimo humo: pensheni, akaunti mbili za benki, hisa na akiba za SACCOS, kodi za vyumba vitatu vya uani, ada za wajukuu.

Nimeshauriwa mengi: nihamishe Money kama ilivyo, nichukue GnuCash, HomeBank au Money Manager Ex, wengine wanasema niachane na programu nirudi Excel. Masharti yangu: nisilipie kila mwezi, isidai intaneti ndipo ifunguke, hesabu zikae kwangu, na siku nikitangulia mama watoto aweze kufungua aone nani tunamdai. Mliowahi kuhama naomba mnipe njia.

Fundi_Chipu
Mkuu, kabla ya kuchagua chochote, usiruhusu mtu afomati ile mashine ya zamani.

Money Plus Sunset, yaani hiyo yako ya mwisho ya bure, bado inafunguka Windows 11. Matoleo yake ya kulipia yalitaka kuamilishwa mtandaoni, hilo la Sunset halitaki, ndiyo maana lipo hai mpaka leo ilhali Microsoft waliacha kuuza Money mwaka 2009. Kopi faili lako la .mny pamoja na faili la kusakinishia kama bado unalo, weka kwenye flashi mbili.

Lakini elewa hivi: .mny ni ya Money peke yake. HomeBank hailifungui, GnuCash hailifungui. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye mashine ya zamani ingia File, kisha Export, toa QIF, aina ya faili la miamala ambalo programu nyingi za hesabu hulisoma. Inatoa akaunti moja moja, itabidi uwe mvumilivu. Itakuuliza aina mbili za QIF. Chagua ile "loose", ndiyo ya kupeleka programu nyingine. Hata ukiamua kubaki na Money, toa hizo QIF. Siku Windows ikikataa Money, hutakuwa na mlango mwingine.

Jambo jingine, kompyuta mpya za Windows 11 mara nyingi zinahamishia Documents kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bila mtu kushtuka. Faili la hesabu litengenezee folda yake nje ya hapo. Programu ikiwa imelifungua huku OneDrive inalipandisha mtandaoni, ni kutafuta ugomvi.

Kibubu
HomeBank, sina maneno mengi. Nyepesi, bure, inapokea QIF, na mtu asiyejua uhasibu anaielewa siku hiyo hiyo. Kodi za vyumba unazipa kategoria, Kodi halafu Chumba 1, Chumba 2, Chumba 3. Mwisho wa mwezi unaona mchoro wa pesa ilikokwenda.

Mhasibu wa Mtaa
Kibubu, hujajibu swali la mzee. Anataka mkewe aone *nani wanamdai*. Kategoria inaonyesha kilicholipwa. Kisichokuwa kimelipwa hakina pa kuonekana.

Mzee, nikupe mfano wa GnuCash. Tuseme Chumba 2 kodi ni 60,000 kwa mwezi. Unafungua akaunti ya kawaida chini ya mali, unaiita "Wadaiwa – Chumba 2". Tarehe mosi unaandika 60,000 kutoka Mapato ya Kodi kwenda Wadaiwa. Mpangaji akileta 40,000 kwa simu, unaandika 40,000 kutoka Wadaiwa kwenda akaunti ya simu. Ukifungua ukurasa wa mwanzo, pale kwenye Wadaiwa – Chumba 2 panasoma 20,000, na patasoma hivyo hivyo mpaka alipe. Mama hahitaji ripoti wala mchoro. Anasoma jina na namba iliyo pembeni.

Na kwa kuwa kila muamala una pande mbili, huwezi kutoa pesa benki ikapotea hewani. Lazima useme imekwenda wapi.

Kibubu
Yaani mama wa watu umkalishe chini umfundishe debiti na krediti?

Mhasibu wa Mtaa
Hakuna debiti wala krediti mpaka uziombe. GnuCash kwa kawaida inakuja na majina ya safu ya kawaida, yaani kuweka na kutoa. Yale ya kihasibu unayawasha mwenyewe kwenye mipangilio.

Mzenji wa Maskati
Assalaam alaykum jamii. Mimi niko Maskati, nyumbani Unguja, na kwangu mwamuzi ilikuwa sarafu. Riali ya Omani ina baiza 1,000, kwa hiyo desimali ni tatu. Shilingi yetu ndiyo hiyo, desimali hatuzioni. Jedwali langu la Excel lilipangwa kwa desimali mbili, kila mwezi baiza tano tano zinapotea, na mimi nikiona hesabu haifungi silali.

GnuCash inaijua riali ya Omani na desimali zake tatu bila kuambiwa. Nikituma fedha nyumbani inauliza kiwango cha ubadilishaji, basi. Hata hivyo ninayoitumia ni Money Manager Ex, kwa sababu ina toleo la Android linalosoma faili lile lile la .mmb, na nikihamisha kutoka riali kwenda shilingi naandika kiasi kilichotoka na kilichoingia. Sharti usilifungue simuni na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja. Kwa mzee ambaye simu ni ya kupiga na kupokea pesa tu, faida hiyo haimhusu.

Jirani wa Likoni
Nawasikia mkibishana kuhusu QIF na huku nusu ya maisha yetu iko kwa simu. Huku Kenya ukibonyeza *334# unaomba taarifa ya M-Pesa, inakuja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa na nambari ya siri. Ukiifungua unapata safu za risiti, saa, maelezo, iliyoingia, iliyotoka na salio. Hakuna hata moja kati ya hizo programu mnazosifu itakayoipokea PDF hiyo. Na kila ada ya kutuma imekaa kwa mstari wake, kwa hiyo pesa ukituma mara moja unasoma mistari miwili.

Mimi natumia LibreOffice Calc, jedwali kama Excel, ila ya bure. Jumamosi nakaa, naandika jumla ya wiki kwa kila fungu, ada zote nazirundika mstari mmoja. Kompyuta ikibadilika nakopi faili moja na maisha yanaendelea.

Mhasibu wa Mtaa
Jirani, hapo kwa ada nakuunga mkono, kuandika kila shilingi 13 kivyake ni kujitesa. Ila jedwali lina ugonjwa wake. Mtu akiingiza safu mlalo mpya chini ya ile ya mwisho, fomula ya jumla haiihesabu, na hakuna kengele inayolia. Mama akirithi jedwali lako atarithi na fomula usizokumbuka uliziandika kwa nini.

Dada wa Ohio
Huku Marekani jirani zangu wengi wako Quicken, programu nyingine ya hesabu za nyumbani. Kwa sasa inauzwa kwa usajili, na benki inazounganisha ni za Marekani na Kanada, kwa hiyo mzee aiweke pembeni. Na atakayekushauri programu za mtandaoni, mkumbushe kwamba Mint ilikuwa na mamilioni ya watumiaji na ilifungwa Machi 2024.

Binti Pangani
Shikamoo mzee. Hivi kweli unahitaji kuhamisha miaka yote hiyo? Ripoti ya umeme wa 2012 utaisoma lini? Sakinisha Money kwenye mashine mpya iwe kabati la kumbukumbu, usiandike kitu kipya humo. Kwenye programu mpya anza tarehe mosi kwa masalio tu: benki kiasi hiki, SACCOS kiasi hiki, Chumba 2 anadaiwa kiasi hiki. Ni kazi ya jioni moja.

Mhasibu wa Mtaa
Naafiki, isipokuwa kwa hisa za SACCOS na deni lolote lenye riba. Hizo historia yake inahitajika siku mkibishana na karani.

Na ukiamua kuingiza QIF zote, usiziingize moja leo nyingine kesho. GnuCash inakuruhusu kupakia mafaili yote kwa mkupuo mmoja ndipo uendelee. Ukifanya hivyo inatambua kwamba pesa iliyotoka benki ndiyo iliyoingia SACCOS, vinginevyo uhamisho mmoja unaweza kuonekana mara mbili. Itauliza pia mpangilio wa tarehe. Soma vizuri, 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi.

Mzee wa Ngamiani
Marahaba binti. Wakuu, nimewasoma. Jana nilimkalisha mama mbele ya HomeBank na GnuCash. HomeBank aliipenda kwa rangi. Nikamwuliza, Chumba 3 anadaiwa shilingi ngapi? Alihangaika na michoro, akaniangalia. Upande wa GnuCash alinyoosha kidole kwenye namba. Basi, GnuCash, kwa masalio ya tarehe mosi, na Money inabaki kabatini. SACCOS nitaiingiza na historia yake.

Ila leo umeme ulikatika nikiwa naandika. Uliporudi inaniambia faili linatumiwa na mtu mwingine. Mimi niko peke yangu ndani!

Mhasibu wa Mtaa
Usiogope. GnuCash ikifungua faili huweka kifaili kidogo cha .LCK pembeni, na ukifunga vizuri hukiondoa. Umeme umekatika, kimebaki. Kama una uhakika kijana hajalifungua kwingine, chagua kufungua hivyo hivyo.

Ukichungulia folda utaona pia mafaili mengi yenye jina lile lile na tarehe na saa mwishoni. Hizo ni nakala inazojiwekea kila unapohifadhi, inazitunza siku 30. Usizifute ukidhani ni uchafu.

Fundi_Chipu
Na kama siku moja utahama tena, faili la hesabu peke yake halitoshi. Ripoti ulizozipanga na kuzihifadhi hukaa kwenye AppData, folda ambayo Windows huificha, ndani ya folda ya GnuCash. Kopi na hiyo.

Halafu mzee, UPS, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Hata ile ndogo.