Soketi inalia "chrr" kila nikipiga pasi, breka haikati. Tatizo liko wapi?

BintiCherehani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga fremu hapa Morogoro. Wiki ya tatu sasa soketi ya pasi inatoa mlio mdogo, chrr... chrr..., kama bisi zinazokaangwa nyumba ya tatu. Inalia taa nyekundu ya pasi ikiwaka tu. Pasi ikishapata moto taa ikazimika, kimya. Halafu kuna harufu, siyo ya kuungua hasa, ni kama samaki aliyechacha. Nimemsema sana moyoni jirani yangu muuza dagaa.

Jirani mwingine, fundi viatu, ana redio yake ya kale ya masafa mafupi. Ananigombeza: "Dada, ukipiga pasi redio yangu inakoroma." Nilidhani utani.

Nimeita fundi umeme, kaweka breka mpya ya ampia 32, kasema ya zamani ilishachoka. Kachukua hela yake kaondoka, mlio uko palepale. Kama kuna cheche, kukata si ndiyo kazi ya breka? Au na hii imekufa?

Kipara_Mbezi
Weka breka ya ethi ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja, dada. Mimi nimeweka nyumba nzima, nalala usingizi wa pono.

MzeeMeinswichi
Binti yangu, kwanza chomoa hiyo pasi. Usiitumie tena hapo hata kwa gauni la bibi harusi.

Breka yako haijafa, na nina wasiwasi ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Piga hesabu: pasi nyingi za kwetu ni wati 2000, kwa volti 230 ni ampia 8 na ushee. Cheche yako imekaa njiani, kati ya waya na pasi, kwa hiyo umeme unaopita pale ni uleule wa pasi, tena unapungua kidogo kwa kuwa cheche nayo inazuia. Breka ya 32 inangoja umeme uzidi 32 ndipo ianze kupata joto la kuirusha. Kuruka papo hapo, kama ni aina ya C, inataka mara 5 hadi 10 ya hapo, yaani ampia 160 mpaka 320. Ampia 8 haziishtui.

Kipara, hiyo yako inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Hapa kilichokwenda ndicho kinachorudi, hakuna kinachovuja. Kifaa kizuri, kinaokoa watu, ila kwa cheche hii kitakaa kinatazama.

Kipimo anacho fundi viatu. Cheche hutupa kelele za masafa mengi kwa mpigo na redio ya AM huzidaka. Sisi tulikuwa tunapita ukutani na redio ndogo ya betri, tumeiweka pasipo na stesheni. Inapokoroma zaidi, hapo ndipo pa kufungua. Zima cherehani kwanza, mota yake ina brashi na yenyewe hukoroma, usije ukabomoa ukuta wa mwenye nyumba bure.

Fundi azime meinswichi, ahakikishe kwa tesa, halafu aanze na skrubu ya nyutro. Kwa niliyoyaona, wengi hukaza waya wa moto kwa bidii, nyutro wanaupapasa tu. Na samaki unayemsikia ni plastiki ya soketi inayopikika.

Mswahili_Leicester
Mzee kamaliza. Huku Uingereza kuna breka za kunusa cheche, zinaitwa AFDD. Umeme wa AC, huu wa gridi unaogeuka-geuka mwelekeo, hugusa sifuri mara 100 kwa sekunde. Kila ukigusa, cheche inazimika, kisha inawaka tena volti ikipanda. Kifaa kinatafuta hivyo vipengo, pamoja na mkoromo huohuo wa redio. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62606 cha 2013 kinataka cheche ya ampia 5 kwa volti 230 ikatwe ndani ya nusu sekunde. Marekebisho ya 2022 ya BS 7671, kanuni za nyaya za umeme za huku, yamezifanya lazima kwa soketi za hosteli za wanafunzi, nyumba za kulea wazee na maghorofa marefu ya makazi.

Si mganga lakini. Drili na blenda nazo zina cheche zao halali, na kuzitofautisha ndiyo kazi ngumu. Mteja mmoja kaniita mara mbili kwa ajili ya mashine ya kufyonza vumbi. Na skrubu iliyolegea ikiwa inang'aa tu nyekundu, bila cheche kuruka, kinaweza kisiione kabisa.

SolaKijijini
Sisi wa sola tuna balaa zaidi, umeme wetu ni DC, unakwenda upande mmoja tu, haugusi sifuri. Niliwahi kuzima laini ya paneli nne za mfululizo kwa swichi ya kawaida ya AC. Moto wa bluu ulibaki umesimama ndani mpaka swichi ikayeyuka.

BintiCherehani
Tumefungua leo. Nyutro, kama alivyosema Mzee. Skrubu ilikuwa imebana ganda la waya, shaba inagusa pembeni tu. Ncha nyeusi, ina vijishimo kama jino la mtoto wa peremende, na mgongo wa soketi umekuwa kahawia nusu nzima. Fundi (mwingine!) kakata mpaka kwenye shaba safi, kaweka soketi mpya. Kwa muuza dagaa nimenunua vibaba viwili, sijamwambia kwa nini.

Nimepiga pasi mashati sita. Fundi viatu kaja mlangoni kuuliza kama leo sina kazi.