Supamaketi ikikuita mwizi bure, usikubali vocha: dai radhi iliyoandikwa

Wadau, nimechoka na hii "pole kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu ni foleni ndefu mwisho wa mwezi. Usumbufu ni mashine ya kadi kukwama. Mtu akishikwa mkono mlangoni mbele ya watu, akasukumwa hadi stoo, mkoba wake ukamwagwa mezani, halafu risiti ikaonyesha kila kitu kimelipwa, hapo pana tuhuma ya jinai iliyotolewa hadharani na mtu ambaye si polisi wala hakimu. Aliyeitoa anadaiwa radhi, na hadharani vilevile. Lakini maduka yetu hapa Kenya yamezoea kutoa vocha ya elfu moja na kumwambia mteja "yaishe". Yaishe kwa nani?

Nianze na king'ora cha mlangoni, maana ndicho kisingizio cha kwanza. Malango yale husikiza vibandiko vya kuzuia wizi vilivyo kwenye bidhaa, nayo yapo ya aina mbili kuu kwa masafa: ya megahezi 8.2 na ya kilohezi 58. Kibandiko cha 8.2 ni kile cha karatasi, cha mraba, chenye waya mwembamba uliojizungusha ndani. Pedi ya kaunta, ile ya kuzimia vibandiko, hukiua kwa kukiunguza ndani. Cha 58 ni kile cha plastiki, kirefu, kimetuna kidogo, kina vipande vya chuma ndani. Chenyewe huzimwa kwa kubadilishwa usumaku. Keshia akipitisha bidhaa mbiombio, au akiiinua juu mno ya pedi, au bidhaa ikiwa na vibandiko viwili, au pakiti ikiwa na foili, kibandiko kinabaki hai. Na kuna hili ambalo walinzi wengi hawajafundishwa: kibandiko ambacho duka la kwanza halikukizima kitaliza lango la duka la pili lenye masafa yaleyale. Kiatu au koti la juzi linatosha. Kwa hiyo king'ora kinasema jambo moja tu, kwamba pana kibandiko hai karibu na lango. Hakijui nani kalipa.

Kikilia, mwambie mlinzi apitishe vitu langoni kimoja kimoja, pamoja na mkoba mtupu. Kinachoshtua kitajulikana kwa dakika mbili. Duka linaloruka hatua hii na kuanza kupapasa watu limeamua kudhalilisha, basi.

Kisingizio cha pili ni risiti isiyolingana na kikapu. Mara nyingi kosa ni la kaunta: keshia kapitisha vitu viwili kimoja kikasoma, au ni ofa ya "nunua mbili upate moja" na ile ya bure haikuchapwa. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinataka uchukuaji wa kilaghai, usio na dai la haki. Mteja aliyeweka kitu wazi juu ya kaunta na keshia asikipige hajaiba. Atalipa tofauti, ataenda zake.

Kisingizio cha tatu ni "tumekuona kwenye kamera". Hapa uliza saa. Saa ya rekoda ya CCTV na saa ya mashine ya risiti hutofautiana mara nyingi kwa sababu hakuna anayezirekebisha. Wakitafuta mtu wa saa kumi na dakika tano kwa rekoda iliyochelewa dakika kumi na mbili, watakamata mtu mwingine kabisa.

Sasa mamlaka ya mlinzi. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa la kukamatwa bila hati mbele ya macho yake, au anayemshuku kwa sababu za maana kuwa katenda kosa kubwa. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi huyo mtu kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hakuna mahali pameandikwa saa mbili stoo, picha umeshikilia bidhaa kifuani, wala "lipa mara kumi tukuachilie". Hiyo ya mara kumi ndiyo inaniudhi kuliko zote. Kama kweli umeiba, kupokea pesa ili kosa lifichwe ni kosa lenyewe. Kama hukuiba, wanakunyang'anya kwa vitisho. Mwanamke akipekuliwa, kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo kinataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na Ibara ya 31 ya Katiba inalinda mwili wako na mali yako dhidi ya upekuzi, hata kama kibao cha mlangoni kinasema "mizigo yote itakaguliwa".

Wakikuzuia, usikimbie na usirushe ngumi. Kataa kwenda stoo. Sema utangoja polisi hapo hapo kwenye dawati la wateja, chini ya kamera, watu wakiona. Usisaini chochote, usikubali kupigwa picha ya "mshukiwa", usilipe hiyo "mara kumi".

Ushahidi unakusanywa siku hiyo hiyo. Risiti ipige picha kabla haijafifia, maana karatasi ile hufutika kwa joto; ionyeshe jina la kampuni, PIN yake ya kodi, namba ya ankara na msimbo wa kuskani wa KRA (mamlaka ya kodi). Ujumbe wa M-Pesa usiufute, una msimbo wa herufi na tarakimu kumi pamoja na saa ya malipo. Andika jina lililo kwenye beji ya mlinzi na kampuni iliyoandikwa kwenye sare yake. Chukua namba za simu za waliosikia. Kisha andika maneno yenyewe, neno kwa neno, kwa lugha yaliyotamkwa. Ukienda kortini kwa kashfa ya maneno, "walinitukana" haitoshi. Hati ya madai lazima iyataje maneno halisi, na kama yalikuwa Kikuyu au Kijaluo yaandikwe hivyo pamoja na tafsiri. Kesi nyingi hufia hapa. Pitia kituo cha polisi, ripoti kwamba ulizuiliwa bila haki, uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ukiumizwa, omba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako.

Halafu picha za CCTV, na hapa hesabu ni muhimu kuliko hasira. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 16 zinakula kama 345. Diski ya terabaiti 4 inajaa kwa siku kumi na moja na ushee, kisha rekoda inaanza kufuta za zamani yenyewe. Anayengoja mwezi "meneja arudi likizoni" anangoja ushahidi wake ufutwe. Kwa hiyo siku ya kwanza au ya pili peleka ombi la maandishi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: taja tarehe, saa, nguo ulizovaa, kamera za kaunta, mlango na korido ya stoo, na utake mambo mawili, nakala yako na agizo la kutofuta. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kutoa nakala, bila malipo. Wakisema "CCTV ni mali ya duka", diski ndiyo mali yao. Sura yako iliyorekodiwa ni data yako. Wanaweza kuficha nyuso za wateja wengine, hawawezi kukataa kabisa kwa sababu hiyo.

Barua ya kudai radhi usimpelekee meneja wa tawi peke yake. Yeye ndiye anayetaka ifie droo. Ielekeze kwa wakurugenzi wa kampuni iliyo kwenye risiti, nakala kwa kampuni ya ulinzi, peleka kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, au tuma kwa rejista ya posta. Wape siku 14. Ndani yake usihubiri. Sema nini kilitendwa, saa ngapi, nani, na unataka nini.

Unataka radhi ya namna hii, na muwape maneno yenyewe ili wasilete ushairi:

"Tarehe fulani, katika tawi letu la mahali fulani, mlinzi aliye kazini kwa niaba yetu alimtuhumu Bi./Bw. fulani kwa wizi na kumzuia kwa dakika kadhaa. Tuhuma hiyo haikuwa ya kweli. Bidhaa zote zilikuwa zimelipiwa kwa risiti namba fulani. Tunaifuta tuhuma hiyo yote, tunamwomba radhi, na tumeziondoa picha na rekodi zinazomtaja kama mshukiwa."

Angalia lililomo: tarehe, tendo, "haikuwa ya kweli", kufuta. Chini yake pawe na jina la mwenye mamlaka na muhuri. Wakikuletea "tunasikitika iwapo ulihisi kutuhumiwa", irudishe. Hukuhisi, ulituhumiwa. Wakiandika juu yake "bila kuathiri haki", irudishe pia. Hayo ni maneno ya mapatano ya siri yasiyotolewa kortini, na radhi usiyoweza kumwonyesha mwajiri wako wala mama mkwe ni karatasi ya kufungia maandazi. Walipokuitia mwizi ndipo wakusafishie: kama ilikuwa kwenye ubao wa "wezi wetu", radhi ibandikwe kwenye ubao huo, kama ilikuwa kwenye Facebook au kundi la WhatsApp la mtaa, iwekwe humo humo.

Vocha sasa. Tatizo lake ni ile fomu inayokuja nayo, yenye mstari mdogo wa "sina dai lolote zaidi". Ukisaini umeuza kesi yako kwa unga na mafuta. Kama unataka fidia na radhi pamoja, iandikwe hivyo, na radhi itangulie.

Wakinyamaza siku 14 zikapita, njia zipo. Kuhusu picha zako, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data; hailipishwi, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Msidhani ofisi hiyo inalala: mwaka 2023 ilitoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kuhusu mlinzi, ipo Mamlaka ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Kuhusu korti, sikilizeni vizuri. Mahakama ya Madai Madogo haipokei kesi za kashfa. Watu hupoteza miezi wakipanga foleni kule. Kesi hii ni ya hakimu. Na muda wake ni miezi 12 tu tangu maneno yatamkwe au picha ibandikwe. Kuzuiliwa bila haki kuna miaka mitatu, lakini kashfa ina huo mmoja tu, ndiyo maana mawakili wa maduka hupenda kukuzungusha na "tunafanya uchunguzi wa ndani" mpaka ule mwaka mmoja uishe.

Tofautisheni pia maneno na maandishi. Kuitwa mwizi kwa mdomo kunadaika bila kuthibitisha hasara ya pesa, kwa kuwa ni tuhuma ya kosa la jela. Lakini likiwa bango, barua au posti, kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinaweka kiwango cha chini cha fidia cha shilingi 400,000 pale mtu anaposingiziwa kwa maandishi kosa lenye kifungo kisichopungua miaka mitatu. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka mitatu. Ile picha ya ubaoni ambayo meneja anaiona ni mapambo ina bei.

Kinachowaponza wengi ni hasira ya mtandaoni. Ukibandika uso wa mlinzi na kuandika "huyu ndiye jambazi", nawe umejitengenezea kesi. Andika kilichotokea, ambatanisha risiti, acha matusi. Vilevile, duka likiripoti polisi kwa nia njema, ripoti hiyo ina kinga. Nguvu zenu zielekezeni kwenye yaliyosemwa sakafuni mbele ya wateja na yaliyotendwa stoo.

NYONGEZA, kwa maswali mliyoniuliza:

"Wanasema walinzi si wao, ni wa kampuni." Mlinzi alikuwa akilinda bidhaa za nani, kwa maagizo ya nani? Washtaki wote wawili, wagawane lawama wenyewe mbele ya hakimu.

Mtoto aliyetumwa dukani: asihojiwe wala kupigwa picha bila mzazi au mlezi. Radhi iandikwe kwa jina lake, na kama alivalia sare ya shule, nakala iende kwa mwalimu mkuu, kwa sababu habari ilishafika huko kabla yako.

Kama polisi ndio waliokuzuia baada ya duka kuwaita, lalamiko la polisi linaenda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na madai dhidi ya serikali yana miezi 12 pia.

Ndugu wa Tanzania na Uganda, namba za vifungu hapa ni za Kenya. Msizinakili kwenye barua zenu.