Magonjwa ya uzeeni ni deni la ujana, au tunawasimanga wagonjwa tu?

Wakuu, hili naomba tulijadili bila kuvuana nguo.

Juzi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu kwa daktari wa masikio. Pembeni yangu mzee mmoja anakohoa, kile kikohozi cha kumkunja mtu mpaka kofia inadondoka. Mhudumu akapita, akamuuliza kama aliwahi kuvuta sigara. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi ndiyo mavuno yenyewe hayo, babu." Akaenda zake. Mzee akaokota kofia, akaipangusa, akaiweka magotini. Hakusema neno. Aliyekasirika ni mimi.

Kwa nini nikasirike, wakati lililosemwa lina ukweli? Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951, kwa miaka 50, wakakuta anayevuta maisha yake yote hupoteza kama miaka 10 ya umri. Ila matokeo yaleyale yana upande wa pili ambao hatuutaji: aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote, wa 40 akarudisha kama 9, wa 50 kama 6, na hata wa 60 akaambulia kama 3. Deni gani hilo, ambalo mkopaji akijitokeza na mvi zake bado anapunguziwa?

Shida yangu na "utavuna ulichopanda" ni kwamba inauchukulia mwili kama shamba moja. Sivyo ulivyo. Kuna sehemu hazisamehi kabisa, na mimi siku ile nilikuwa pale kwa ajili ya mojawapo. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti, kama 15,000 kila upande. Unazaliwa nazo, ikifa moja, haioti nyingine. Ujanani nilikuwa mtu wa kusimama mbele ya spika mpaka kifua kinatetema. Usiku masikio yanalia, asubuhi yametulia, nami najiambia yamepona. Sasa hivi nyumba ikinyamaza nasikia mluzi mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa, na mke wangu akinisemesha inabidi nimtazame midomo.

Mifupa nayo ina tabia hiyohiyo kwa kiasi: inajijenga hadi miaka ya 20 na kitu, baada ya hapo unalinda ulichonacho. Lakini moyo, mapafu na presha vinakubali marekebisho hata umri ukiwa umekwenda. Kwa hiyo nauliza: kwa nini tunawaambia wote neno moja?

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, hapa unawapa vijana kisingizio. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa miili ya askari 300 waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri ni miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikutwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Miaka 22! Hao hawakuumwa popote, walikuwa wanabeba bunduki. Mwambie kijana "hata ukiacha ukiwa na 40 unarudisha 9" uone kama ataacha leo.

Mchangiaji wa tatu:
Babu yangu kavuta mpaka kafika 90 na meno yake. Mnatutisha bure.

Mwanzisha mada:
Ndugu wa tatu, babu yako tunamsikia kwa sababu alibaki. Wale aliokuwa akiombana nao kiberiti wako wapi watusimulie?

Mkuu wa pili, hoja yako ni nzito na siikatai, ugonjwa unaanza mapema. Ila kama ujana ungekuwa daftari la kudumu, basi na mazuri yake yangedumu. Mtafiti Paffenbarger aliwachunguza waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani: waliokuwa wanariadha wa chuo kisha wakabweteka, riadha yao ya zamani haikuwakinga na mshtuko wa moyo. Wasiowahi kuwa wanariadha, lakini wakawa watu wa mazoezi ukubwani, ndio waliopata kinga. Kijana anayejidai "mimi nilicheza sana mpira" naye aambiwe.

Na kuhusu kisingizio: kijana humtishi kwa miaka 60 ijayo, haioni. Mwambie ule mlio wa masikio anaotoka nao kwenye muziki usiku wa leo. Huo anausikia.

Halafu kuna jambo sikulimalizia. Nilipoitwa na kusimama, niliona pakiti ya sigara mfukoni mwa shati la yule mzee, imefunguliwa. Mhudumu alimuuliza kama aliwahi kuvuta. Kama bado anavuta, hakumuuliza. Nami nilipita.