Ukoo wa Magomeni: Zai na baiskeli yake

Zai: Asalaam aleykum ukoo. Babu shikamoo, shangazi na mjomba shikamooni. Leo msinitafute kwa simu, nipo barabarani na baiskeli. Nazungukia masanamu na michoro ya kuta za jiji, nachora kwenye daftari. Picha nitawarushia.

Babu: MARAHABA MJUKUU WANGU

Shangazi Tatu: Wa aleykum salaam. Baiskeli, Dar hii? Na hao bodaboda je?

Zai: Ndiyo maana nimetoka alfajiri, shangazi. Jumapili saa kumi na mbili Morogoro Road ni yangu mimi na wazee wa jogingi.

Mjomba Rama: Usiingie tu kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi. Kamera haijui wewe ni msanii.

Kassim: 😂😂 michoro gani dada, hapa mjini ukutani kuna "USIKOJOE HAPA FAINI 50,000" basi

Zai: Hiyo nimeipiga picha ya kwanza kabisa. Angalia herufi zake.
[Picha]

Zai: Fundi kapiga mstari wa penseli juu na chini ndiyo akaandika, na mstari bado unaonekana. Kila herufi kaipa kivuli upande wa kushoto. Kufika kwenye FAINI nafasi ikamwishia, herufi zikaanza kubanana kama abiria wa Gongo la Mboto.

Kassim: hahaha kweli, hiyo I imekaa nusu kiti

Zai: [Picha] Mnara wa Saa. Huu ni wa 1961, Dar ilipotangazwa kuwa jiji. Sasa naifuata barabara ya Samora mpaka kwenye sanamu la Askari.

Babu: SISI TUNAMWITA BISMINI

Zai: Nimeshafika kwake, Babu. Miaka yote napita hapa ndani ya daladala nimening'inia, naona kofia na singe tu. Leo nimeegesha baiskeli, nimemzunguka taratibu. Goti la mbele limekunjwa, mwili mzima umeegemea kule anakokwenda. Ukimtazama kutoka nyuma unasema atashuka sasa hivi aelekee bandarini. Begani ana kinyesi cha kunguru, nacho nimekichora.

Shangazi Tatu: Kichefuchefu asubuhi hii. Watu tunakunywa chai.

Zai: Samahani shangazi 😄 Mchongaji ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Sanamu limezinduliwa 1927, na shaba ilimiminwa London, Westminster huko.

Da Mwana (Hamburg): Shikamoo Babu, hamjambo wote. Zai, hapo kabla yake lilisimama sanamu la gavana wa Kijerumani, Wissmann. Hilo jina la Bismini linatoka kwake. Waingereza walipouchukua mji 1916 wakamng'oa. Sanamu lake likaja kuishia huku kwetu, likasimamishwa chuo kikuu 1922. Wanafunzi wakaliangusha 1968.

Kassim: aisee, sanamu nalo lilipata viza 😂

Babu: BABU YANGU MIMI MZAA BABA ALICHUKULIWA KATIKA VITA HIYO, YA KWANZA YA DUNIA. HAKUPEWA BUNDUKI. ALIBEBESHWA MASANDUKU YA RISASI KICHWANI MPAKA NEWALA. WENZAKE WENGI WALIKUFA KWA KUHARA NA NJAA SIYO KWA RISASI. KAMBI YA WACHUKUZI ILIKUWA HAPO KARIAKOO MNAPOKWENDA KUNUNUA VITENGE

Shangazi Tatu: Baba, hiyo hujawahi kutuambia.

Babu: HAMKUULIZA

Zai: Wachukuzi wametajwa kwenye maandishi ya chini, Babu. Yanasema wao ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kuna Kiingereza, na Kiswahili kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Lakini juu kabisa kasimama askari peke yake. Sanamu la Nairobi ni la mchongaji huyuhuyu, na kule mchukuzi kapewa nafasi, kasimama sawa na askari. Hapo ndipo napogombana na sanamu letu, ingawa kwa mkono wa kazi sina neno, jamaa alijua mwili wa mtu.

Babu: NITAKUJA NILISOME MWENYEWE

Zai: Nimevuka Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari umenikamata vibaya, napiga pedali nipo palepale. Naenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga.

Mjomba Rama: Huko si sanaa ya barabarani, huko ni biashara ya wazungu. Twiga, tembo, Kilimanjaro.

Zai: Mjomba, Edward Saidi Tingatinga alianza 1968. Mtu wa Tunduru, kaja mjini kuhangaika kama sisi. Alichorea vibao vya mbao iliyoshindiliwa, na rangi yake ilikuwa hiihii ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje pale Morogoro Stores, barabarani kabisa. Kafa 1972, kapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na watu mpaka leo wanakula kwa mkono wake.

Kassim: subiri, rangi ya baiskeli kweli? hii ya kopo dogo?

Zai: Hiyohiyo. Inang'aa, inakauka haraka, na duka la vipuri lipo kila mtaa. Mimi nimepita nikanunua nyekundu moja. Nipake fremu, ikibaki nichore.

Zai: [Picha] Sasa hii ndiyo picha yangu ya leo. Saluni ya kinyozi, uchochoro wa Msasani. Vichwa vinne, kila kimoja na mtindo wake. Wa tatu sikio la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, ila tazama nywele: fundi kazidonoa kwa ncha ya brashi moja moja, ukigusa unahisi vipele vya rangi. Chini kaandika jina lake na namba ya simu.

Mjomba Rama: Sikio kama sahani. Aje kwangu nimprintie bango, dakika kumi tayari, sura za wasanii wa Marekani, masikio sawasawa.

Zai: Ndiyo hilo linaloniuma, mjomba. Nimepita mtaa mzima, maduka yote ukutani rangi ya kampuni za simu, na juu yake bango la kuprinti. Ukisimama Msasani au Mbagala ni ukuta uleule. Nimempigia huyo fundi, anasema siku hizi anaendesha bajaji.

Mjomba Rama: Mwenye duka anapakiwa ukuta bure na kampuni, akatae? Na bango langu ni bei chee. Mteja hanunui historia, anataka watu waone anauza nini.

Zai: Bango lako jua la Dar linalifuta mwaka haujaisha. Rangi ya mafuta inakaa.

Mjomba Rama: Likifutika anarudi kwangu. Hiyo ndiyo biashara 😁

Shangazi Tatu: Rama huna aibu.

Da Mwana (Hamburg): Lakini kweli mjomba, duka lako mwenyewe ukutani pana nini? Mara ya mwisho nimekuja palikuwa na plasta tupu na alama ya X nyekundu ya kubomolewa.

Mjomba Rama: X ilishafutwa, barabara wameihamishia upande wa pili. Plasta ipo.

Kassim: duka la mabango halina bango 😂😂😂

Mjomba Rama: Haya Zai. Nichoree ukuta huo. Unataka nini?

Zai: Mchukuzi. Na sanduku lake kichwani, mkubwa kama mlango. Namba yako naiandika chini, na ya yule fundi, maana herufi ataandika yeye.

Babu: NAUNGA MKONO

Mjomba Rama: Bei?

Zai: Laki mbili na nusu, mimi na fundi. Rangi juu yako.

Mjomba Rama: Mimi ni mjomba wako!

Zai: Ndiyo maana sijasema tatu.

Shangazi Tatu: Malizaneni inboksi. Zai, ukirudi pitia sokoni, nazi mbili na dagaa.

Zai: Sawa shangazi. Ila tairi la nyuma linapumua, natafuta fundi pancha kwanza.