Naomba ushauri: mgonjwa wa sirosisi anaharisha kwa laktulosi

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Baba yangu ana sirosisi, yaani ini lake limejaa makovu yaliyotokana na homa ya ini aina ya B, na anatumia dawa za virusi pamoja na za kupunguza maji tumboni. Hivi karibuni alianza kusahau, kulala mchana na kukesha usiku. Daktari akatueleza kwamba ini limeshindwa kuondoa sumu kama amonia, ambayo huathiri ubongo, akamwandikia laktulosi ili apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akili imetulia, jambo lililotufariji sana, lakini sasa anaharisha kupita kiwango hicho na midomo inamkauka. Nimempigia daktari wake simu bila kumpata.

Je, mliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii mlielekezwa kupunguza kipimo cha laktulosi, au kumrudisha hospitali mara moja? Pili, ndugu wanataka tumwachishe kabisa nyama, mayai na maharage, nami nahofia kwa kuwa misuli yake inazidi kupungua; ninyi mliambiwa nini kuhusu protini?